Besi Husikika kwa Mgongo

Mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Sponji aliingia katika duka la vyombo vya umeme akiwa na vumbi la manjano kwenye nyusi, akaomba aonyeshwe kitu cha kupigia muziki ambacho kiziwi anaweza kukisikia.

Muuzaji alimtazama yeye, kisha akamtazama binti yake aliyesimama nyuma na mkoba wa ofisini begani, kama anayeomba kutafsiriwa.

"Mama anatania," alisema binti. "Tumefuata saundiba. Ile niliyoiulizia kwa simu."

"Sitanii," alisema Bi Sponji. "Mume wangu masikio yamekwisha. Nimekuja kumtafutia muziki."

Vumbi lile lilikuwa la kazi. Bi Sponji alikuwa fundi makochi, mkata sponji na mvuta kitambaa tangu enzi ambazo watu walisimama dirishani kumtazama mwanamke aliyeshika nyundo. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimepinda kidogo kwa kuvuta, na hakuweza kuingia nyumba ya mtu akakaa hivi hivi. Lazima abonyeze kiti kwanza, mara moja, kwa siri, kama mganga anayepapasa tumbo la mgonjwa. Akikuta fundi mwenzake amejaza vipande vipande badala ya pande zima la sponji, alikaa pembeni kabisa, mgongo wima, akakataa kuegemea mpaka aondoke.

Mumewe alikuwa mpiga gitaa la besi. Jina hilo, Besi, lilimganda hata baada ya bendi kuvunjika na yeye kwenda kutunza stoo ya vipuri vya magari. Katika picha zote za bendi yeye ndiye yule wa nyuma, nusu ya uso imemezwa na kivuli, mgongo umeegemea boksi kubwa la spika. Wenzake walikuwa wakimtania, "Mleteeni mwenzenu kitanda, amechoka huyo." Naye alikuwa na jibu lake lile lile, ukumbi kwa ukumbi, mwaka kwa mwaka: "Besi haisikiki kwa masikio, nyie. Besi husikika kwa mgongo."

Maboksi yale yale aliyoyaegemea ndiyo yaliyomla masikio.

Uziwi haukumjia kwa kishindo. Ulimjia kama mgeni anayesema anapita tu, halafu akaomba maji, halafu akavua viatu. Kwanza ndege wa asubuhi walinyamaza. Ikafuata kengele ya mlango. Wakafuata wajukuu, ambao sauti zao nyembamba alizipoteza moja baada ya nyingine, akabaki kuwatazama midomo ikifunguka na kufumba kama samaki. Hospitali walimpa vifaa vya kuchomeka masikioni. Alivivaa kwa wiki chache, kisha akavifungia ndani ya mkebe wa biskuti. Alisema vikiwa masikioni kila mtu huongea kama yuko ndani ya ndoo, na muziki ndio usiseme, ni mtu anakwangua ukoko wa sufuria.

Kutosikia kwake Bi Sponji alikuzoea. Walikuwa na ishara zao, walikuwa na macho, na ndoa ya siku nyingi haihitaji maneno mengi. Kilichomuuma ni kule kuondoka. Redio ikiwashwa tu, au watoto wakija na simu zao wakaweka wimbo, Besi aliinuka taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni. Alipita mlango wa nyuma, akaenda kukaa kwenye banda la kazi, akawa anang'oa pini kuukuu kwenye fremu za viti vya wateja. Pini moja, nyingine, nyingine. Hakurudi mpaka nyumba inyamaze. Mwisho alianza kuondoka hata kabla redio haijawashwa. Sebule ya fundi makochi, yenye viti laini kuliko vyote mtaani, ikawa haina mwenye nyumba.

Bi Sponji alitaka mumewe arudi akae sebuleni. Alilitaka hilo kwa namna ile anayotaka kitambaa kikae bila mkunjo: angevuta mpaka kikae.

*

Binti naye alimpenda baba yake, na hoja zake zilikuwa na miguu. Televisheni mpya ya ukutani aliinunua yeye. Sasa alitaka kuikamilisha kwa saundiba, kile kitu cheusi, chembamba, kirefu kama rula ya ubaoni, kinacholala chini ya televisheni pamoja na sabufa yake ndogo ya kuweka kando.

"Ina kitufe cha kukuza maneno, Mama. Baba ataifuata taarifa ya habari. Haina nyaya za kujikwaa. Haijazi nyumba. Haikusanyi vumbi."

"Na muziki wake, mama yangu," aliongeza muuzaji akisugua viganja, "utafikiri uko ukumbini."

"Ukumbi gani?"

Bi Sponji akatoa kwenye sidiria kifurushi cha kitambaa, akakifungua, ndani mna flashi. "Piga hii."

Ilikuwa nyimbo za bendi, zilizohamishwa kutoka kanda kuukuu. Waimbaji walitoka ndani ya ile rula safi kabisa, kila neno limeoshwa na kuanikwa, na hata yeye alikiri moyoni kwamba kitu kile kina adabu. Kisha akafanya jambo lililomfanya binti yake atamani sakafu ipasuke. Aliishusha sabufa chini, akakaa kwenye vigae vya duka, akaiegemea kwa mgongo, akajitia vidole masikioni na kufumba macho.

"Mama, watu wanaangalia."

Hakusikia. Hilo ndilo lilikuwa kusudi.

Sabufa ilisukuma, hakuna ubishi. Ila ilisukuma namna moja. Gitaa la mumewe likipanda, *bu*. Likishuka, *bu*. Pale katikati ya wimbo, ambapo Besi alikuwa akitembeza vidole kama mtu anayeshuka ngazi gizani bila kushika ukuta, pale ambapo wachezaji wote walijua sasa ni wakati wa kugeuka, *bu, bu, bu*. Kama mtu anayeitikia "ndiyo" kwa kila swali.

Akafumbua macho, akainuka, akapangusa sketi.

"Hiki kinaita tu," alimwambia muuzaji. "Hakisemi. Huna yale maboksi ya zamani?"

"Spika za waya? Zile za kusukumwa na amplifaya?" Muuzaji alitabasamu kwa huruma. "Zile mama hazina umeme wake. Bila amplifaya ni mbao tu. Mafundi labda wanazo. Sisi tumeacha, watu wa sasa hawataki mizigo."

Nje, kwenye ngazi za duka, binti alisimama akashika kiuno.

"Sikiliza, Mama. Nyumba ni ndogo. Nitakupa kimoja, vyote viwili siwezi. Chagua hayo madude yako kama unashikilia, lakini tukubaliane. Jumapili ninakuja. Baba akae. Asipofuata wimbo hata kwa kichwa, madude yanatoka, saundiba inaingia, na sitaki kununiwa."

"Mimi sinuni."

"Unanuna, Mama. Ulininunia mwezi mzima kwa ajili ya rangi ya mapazia yangu."

"Rangi ile ilikuwa mbaya."

"Umeona?"

"Jumapili," alisema Bi Sponji. "Nimekubali."

*

Fundi redio aliyeitwa Waya ndiye aliyekuwa mtu wa mitambo wa bendi, na ndiye aliyezihamisha zile kanda. Kibanda chake kilinuka risasi ya kulehemu iliyoyeyuka na kahawa iliyosahauliwa. Alipomwona Bi Sponji mlangoni alisukuma miwani juu ya upara.

"Shemeji! Kaka yangu hajambo?"

"Hajambo. Hayupo."

"Kasafiri?"

"Yuko nyumbani."

Waya akaweka chini alichokuwa ameshika. Alikwenda nyuma ya kibanda, akaburuta maboksi mawili ya spika, moja baada ya jingine, yanayomfika mtu kiunoni. Rangi ilikuwa imebabuka, kitambaa cha mbele kimechanika kama soksi ya mwanafunzi, na chini ya ile spika kubwa kila boksi lilikuwa na tundu la duara, jeusi, ambalo mkono ungeweza kuingia mpaka kiwiko. Akayaunga kwa waya kwenye amplifaya nzito yenye vitufe vya kuzungusha, akachomeka flashi.

Bi Sponji alikaa chini, akaegemeza mgongo, akaziba masikio.

Akamkuta mumewe. Mbao zilimpapasa chini ya mabega, zikapanda, zikangoja, zikashuka ngazi moja moja mpaka kwenye nyonga. Kila hatua ilikuwa na mahali pake. Alikaa hivyo mpaka wimbo ukaisha, na uliofuata, na Waya akajitia anatafuta bisibisi ili asimtazame usoni.

"Nayachukua," alisema alipoinuka. "Ila haya hayaingii ndani kwangu yakiwa hivi. Nitayavalisha."

"Valisha. Lakini mbele, shemeji, weka kitambaa chepesi kama chandarua. Ukiweka zito, sauti inakohoa."

"Chepesi. Sawa."

Juu ya tundu Waya hakusema neno, kwa sababu haikumjia akilini kwamba duniani kuna mtu angefikiria kuliziba.

*

Binti alipotumiwa picha ya maboksi yakiwa kwenye banda la kazi, alijibu kwa ujumbe mfupi: *Mama, hayo ni mabanda ya kuku.*

Ujumbe ule uliingia mahali. Bi Sponji angeweza kuambiwa mkaidi, angeweza kuambiwa mzee, lakini hajawahi kuambiwa kwamba kitu kilicho mikononi mwake kinafanana na banda la kuku. Aliufunga mlango wa banda, akakunja mikono ya gauni, akaanza.

Alipiga msasa. Alijaza nyufa. Kwenye kabati alikuwa na pande la mahameli ya rangi ya zabibu, masalio ya kazi ya mteja mmoja mwenye makuu, na alikuwa ameiweka miaka kwa ajili ya kitu ambacho hakukijua. Sasa alikijua. Aliikata bila kuogopa. Pembe zilikaa kama zimezaliwa na boksi. Mbele, juu ya spika zenyewe, aliweka kitambaa chepesi, kama alivyoambiwa.

Akafika kwenye matundu.

Fundi makochi hawezi kuvumilia tundu. Tundu ni nyumba ya panya, ni mlango wa mende, ni aibu ya fundi aliyeharakisha. Maisha yake yote Bi Sponji hajawahi kumkabidhi mteja kitu chenye tundu wazi. Alichagua sponji nzito kuliko zote, ile ya kukalia, akaikata, akaishindilia ndani ya kila boksi kwa ngumi mpaka ikagoma, akalikata na duara la kuziba, akalipaka gundi, akavuta mahameli juu yake, akapiga pini. Ukipitisha kiganja huoni palipokuwa na tundu. Alirudi nyuma hatua kadhaa akayatazama, akaguna kwa kuridhika.

Kisha akamtengenezea mumewe kiti. Kiti kipya, cha peke yake, cha kukaa mbele ya boksi moja ili ligusane na mgongo wa kiti. Alikishonea godoro nene la kukalia na jingine la kuegemea, kwa sababu mtu anayerudi nyumbani hupokewa vizuri.

Jumapili asubuhi gundi ilikuwa bado inakauka, kwa hiyo hakuegemea. Aliunga nyaya kama Waya alivyomwonyesha, akawasha, akasikiliza kwa masikio yake mazima. Waimbaji walitoka, magitaa yalitoka. Akazima. Imekubali.

*

Binti alipofika alisimama mlangoni, mkono kifuani.

"Mama! Ni yale yale?"

"Ni yale mabanda ya kuku."

"Haki ya nani, nimeyataka mimi."

Bi Sponji alijifanya hakusikia, lakini alitembea kwenda banda la kazi kama mtu aliyeshinda kesi kabla ya kusikilizwa. Besi alikuwa ameinama juu ya fremu, koleo mkononi. Mkewe alimgusa bega. Akaonyesha nyumba. Akaonyesha mgongo wake mwenyewe, akaupiga kidogo. Besi akaweka koleo chini, akajipangusa mikono kwa utaratibu mrefu wa mtu asiyetaka kwenda lakini hapendi kumvunja mwenzake.

Alikaa. Kiti kilimpokea mpaka mabega. Bi Sponji akawasha.

Chumba kilijaa wimbo. Binti alianza kutikisa mguu. Besi alikaa ameweka mikono juu ya mapaja kama mtu anayesubiri zamu kwa daktari wa meno, macho yakitoka kwa mkewe kwenda kwa binti yake, akitafuta kwenye nyuso zao kama wimbo umeanza.

Bi Sponji akazungusha kitufe. Vikombe vikalia kabatini. Binti akaziba masikio. Besi aligeuka, akaweka kiganja juu ya mahameli, akasubiri, akatikisa kichwa: hapana.

"Limelala," alisema, kwa ile sauti yake kubwa mno ya mtu asiyejisikia. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu mwema, akapapasa mkono wa kiti. "Lakini kiti kizuri. Kiti kizuri sana, mke wangu."

Hakuna lililowahi kumchoma Bi Sponji kama sifa ile.

"Nina fremu ya watu kule nyuma," aliendelea Besi, na akaanza kuinuka, taratibu, kwa adabu.

"Kaa," alisema Bi Sponji, akamsukuma begani. Akakaa.

Alimpigia Waya. Simu ilikuwa imezimwa, kama kawaida yake siku za Jumapili. Akakagua nyaya. Akazichomoa, akazichomeka. Wimbo uliendelea kuwaimbia watu wawili waliousikia, na hakuna hata mmoja wao aliyeuhitaji.

Binti aliuzima. Alisogea, akamshika mama yake mkono, na hapakuwa na ushindi sautini mwake. "Mama. Umejaribu. Hakuna atakayesema hukujaribu. Wacha nimpigie yule mtu wa duka. Angalau apate habari."

"Ngoja."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana Jumapili. Jumapili haijaisha. Ngoja, nimesema."

Mkono wake ulikuwa umeshatangulia kufanya kazi bila kumwuliza. Ulifanya kile unachofanya kwa kila kiti kabla hakijatoka bandani: ulikunja kidole cha kati na kugonga ubavuni. Kiti kilichojazwa vizuri hakilii. Ukikigonga kinameza. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofundisha wengine: kochi linalolia ni kochi tupu.

Aligonga boksi. Likameza.

Akagonga tena, chini zaidi, pale palipokuwa na tundu. Likameza kabisa, bila hata kuguna. Ilikuwa kazi nzuri. Ilikuwa labda kazi bora aliyowahi kufanya, na Bi Sponji alipiga magoti mbele yake, kidole bado kimekunjwa, akaelewa. Kule kwa Waya mbao zile zilikuwa tupu na zilikuwa zikipumua. Yeye alizichukua akazishindilia mpaka shingoni. Alikuwa ametengeneza makochi mawili, akayatia waya.

"Nipe kisu," alisema.

"Kisu cha nini?"

"Cha kazi. Kipo juu ya cherehani."

"Mama, usi..."

Alishajiletea mwenyewe. Alichoma mahameli katikati ya pale palipokuwa pazuri kuliko pote, akavuta chini. Kitambaa kililia kilivyopasuka, na binti alilia nacho. "Mama! Mahameli!" Pini ziliruka. Duara la kuziba likatoka na gundi yake. Bi Sponji akaingiza mkono mpaka kiwiko, akaanza kutoa sponji kwa makucha, pande baada ya pande, akizitupa nyuma bila kutazama, mpaka binti akawa amesimama ndani ya kilima cha manjano.

"Utabaki unatazama tu?" alisema bila kugeuka. "Lile la pili hilo. Kuna mkasi."

Binti alitazama mkasi. Alitazama kucha zake, zilizopakwa rangi jana yake. Kisha akapiga magoti na viatu vyake vya Jumapili.

Besi aliwatazama wote wawili, mke na mwana, wakichinja samani sebuleni kwake, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi hakuonyesha dalili ya kutaka kuondoka.

"Nini?" aliuliza kwa sauti kubwa. "Panya?"

"Mimi," Bi Sponji alimjibu akimtazama usoni ili asome midomo. "Panya ni mimi."

Mbao zilipobaki tupu, akawasha. Besi aliinamisha kichwa upande. Akakunja uso, kama mtu anayedhani ameitwa kutoka mbali lakini hataki kuitika bure.

"Kuna kitu," alisema. "Kinakuja, kinapotea."

Bi Sponji alikitazama kile kiti. Godoro nene la kukalia. Godoro nene la kuegemea. Mapokezi mazuri. Alimwinua mumewe, akang'oa la nyuma, akang'oa la chini, akayatupa mlangoni. Kikabaki kiti kilichochunwa: fremu, mbao za kukalia, mbao za mgongo, na misumari aliyoipiga mwenyewe. Akakisukuma mpaka mti ukagusa mti.

"Kaa hapo."

Besi alikaa kwenye ubao mtupu. Akaegemea.

Mwanzoni ni mgongo tu uliojua. Ulinyooka, kisha ukalegea, ukateremka kidogo na kujipachika pale, kwa pembe ile ile ya kwenye picha. Uso wake haukubadilika. Mkono wake wa kushoto ulitoka kwenye paja, ukatafuta mkono wa kiti, na vidole vikaanza kutembea juu ya mbao, kimoja, kingine, vikipanda, vikingoja.

Wimbo ulipofika katikati, pale pa kushukia ngazi, vidole vya Besi vilishuka. Havikukosea hata kimoja. Na alipofika chini alipiga ubao kwa kiganja, kwa hasira.

"Huyu mpiga ngoma anachelewa!"

Bi Sponji alicheka mpaka akashika ukuta.

"Unacheka nini? Nilimwambia. Nilimwambia ukumbini, nilimwambia studio, nikamwambia mbele ya mke wake. Anachelewa! Sikia. Hapo. Hapo tena!" Alikuwa akimwelekeza binti yake kwa kidole, kana kwamba kosa limesimama katikati ya chumba na yeyote angeweza kuliona. "Mimi nimeshafika, yeye bado anafunga viatu. Rudisha nyuma. Rudisha, umsikie mwenyewe."

Binti akarudisha nyuma. Simu yake, yenye namba ya yule mtu wa duka, aliitumbukiza mkobani. Alikaa sakafuni katikati ya sponji, akasogea mpaka mgongo wake ukagusa boksi la pili, na akawa anamtazama baba yake akigombana na marehemu mpiga ngoma.

"Na taarifa ya habari?" alimuuliza mama yake baadaye, wimbo ulipobadilika.

"Wanaandika maneno pale chini. Atasoma."

"Na wageni wakija wakakuta kiti hiki? Fundi makochi mzima, mumewe anakaa kwenye mifupa?"

"Wageni wakae kwenye sponji. Nyumba nzima ni sponji."

Besi hakuwasikia. Alikuwa na shughuli. Alikuwa ameshamaliza na mpiga ngoma, sasa alikuwa anamshambulia mpiga gitaa la solo, ambaye kwa maelezo yake alikuwa na pupa tangu kuzaliwa. Katikati ya mashtaka alimtazama mkewe aliyesimama na kisu bado mkononi na nyuzi za mahameli kwenye nywele. Alisogea upande mmoja wa kiti. Kilikuwa kiti cha mtu mmoja. Alisogea tena, akapiga ubao kwa kiganja, mara mbili, polepole.

Bi Sponji aliweka kisu juu ya amplifaya. Kwa mazoea mkono wake ulitangulia, ukabonyeza mahali pa kukaa. Mbao. Hapakuwa na cha kubonyea.

Akakaa, nusu juu ya ubao, nusu juu ya paja la mumewe, akaegemea. Msumari mmoja ulimgusa chini ya bega. Aliujua, aliupiga Ijumaa. Mbao zilianza kupanda mgongoni mwake, zikangoja, na ubavuni mwake mwanamume alisema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Sasa ngoja. Ngoja uone ninavyoshuka."